Kazi za Mauzo Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ahadi za Mshahara, Kamisheni na Vyeo

Ukurasa huu ni wa anayetafuta kazi Mombasa, awe anakaa Likoni, Changamwe, Kisauni au Majengo, na ameona tangazo la kazi ya mauzo, au ameshaanza kutembeza bidhaa na hesabu zinamkataa. Majibu yanafuata sheria za Kenya na mambo yanavyokwenda mtaani. Ukipitia maswali yote utaona tunarudi mara kwa mara kwenye jambo moja: siku ambayo hukuuza kitu, hasara ya siku hiyo ni ya nani?

Tangazo lilitaja mapokezi, stoo, udereva na usimamizi. Nimefika naambiwa nitauza mlango kwa mlango. Ni sawa?

Hapana, si sawa, ingawa mtindo huu umeenea. Tangazo la kutembeza bidhaa juani haliwavuti watu wengi. La mapokezi na stoo linawavuta. Ndiyo maana karatasi zinazobandikwa kwenye nguzo za stima na kuta za stendi hutaja vyeo vitano au sita kwa pamoja, husema uzoefu hauhitajiki, na mwisho huweka nambari ya simu bila jina la kampuni.

Fikiria hivi: ofisi inayotaka mtu wa mapokezi inamtaka mmoja. Haiwezi kuita watu arobaini saa mbili asubuhi, iwaweke chumba kimoja, na jioni iwaambie wote wamefaulu. Ukikuta umati na wote wamechukuliwa, jua kinachotafutwa ni miguu ya kutembea.

Kabla ya kutoa nauli, piga simu uulize mambo matatu: jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa, kazi ni ya kukaa au ya kutembea, na mshahara wa msingi ni shilingi ngapi usipouza chochote. Akikwambia "njoo kwanza, utaelezwa ukifika", baki nyumbani.

"Utapata hadi 45,000 kwa mwezi." Neno "hadi" lina maana gani?

Lina maana kwamba hiyo ni dari, na sakafu hujaambiwa. Sakafu huweza kuwa sufuri.

Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano wa bidhaa inayolipa kamisheni ya shilingi 500 kwa kila moja. Ili ufikie 45,000 lazima uuze 90 kwa mwezi. Mwezi wa kazi una siku 26, kwa hiyo unahitaji kuuza karibu tatu na nusu kila siku, Jumamosi ikiwemo, siku ya mvua ikiwemo, na Ramadhani mchana watu wakiwa wamelala pia ikiwemo.

Sasa chukua muuzaji anayejitahidi akauza moja kila siku. Ni mauzo 26, yaani 13,000. Katika hao 26, wateja wanne wanarudisha bidhaa au hawamalizi malipo ya kwanza, na kamisheni zao zinafutwa. Zimebaki 22, yaani 11,000. Gharama zake ni hizi: nauli ya kwenda mjini na kuingia mitaani 200 kwa siku, chakula cha mchana na maji 150, salio la kuwapigia wateja 50. Jumla 400 kwa siku, mara 26 ni 10,400. Mwisho wa mwezi amebaki na shilingi 600.

Huyo hakuzembea. Ameuza kila siku, kiatu kimeisha, na kampuni imeuza bidhaa 22 bila kumlipa hata nauli. Weka bei zako katika hesabu hii: kamisheni uliyotajiwa, nauli ya kwenu, na mauzo unayodhani utayapata siku ya kawaida badala ya siku ya bahati. Fanya hivyo kabla ya kukubali, kwa kalamu na karatasi, hata kama msimamizi anakusimamia.

Naelewa kamisheni, lakini wao wanasema kuna ritena, yaani malipo ya kila mwezi, ya 15,000. Si huo ndio mshahara?

Inategemea masharti yake. Mshahara wa msingi unalipwa kwa sababu umefanya kazi. Ritena nyingi za kazi hizi zinalipwa kwa sababu umefikia tageti: ukiuza 20 unapata yote, ukiuza 10 hadi 19 unapata nusu, chini ya 10 hupati kitu. Hiyo ni bonasi iliyovishwa jina la mshahara.

Uliza swali moja: "Nikija kazini siku zote 26 na nikauza tatu tu, tarehe ya malipo naingiziwa shilingi ngapi?" Jibu liandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu. Uliza pia mauzo yanahesabiwa lini, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Laini ya simu huenda isihesabiwe mpaka mteja aweke salio. Simu au taa ya sola ya kulipa kidogo kidogo huenda isihesabiwe mpaka mteja alipe kwa wiki kadhaa. Kadi au mkopo wa benki hauhesabiwi mpaka benki iidhinishe. Umeuza tarehe 28, imehesabiwa tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na mwezi huu umesomeka kwamba hukufikisha.

Wameniomba ada ya usajili, mafunzo, sare au beji. Nilipe?

Usilipe.

Mwajiri wa kweli anakutafuta kwa sababu anataka umwingizie pesa, hana haja ya kuanza na 1,500 zako. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mwajiri kumkata mfanyakazi pesa kama malipo ya kupewa kazi. Ofisi zinazojiita wakala wa ajira nazo lazima ziwe zimesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kwa hiyo waombe cheti kabla ya mazungumzo yoyote.

Tazama pesa zinaelekezwa wapi. Nambari ya simu ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye M-Pesa halifanani na la kampuni, ni dalili mbaya sana. Kama umeshatuma, peleka ujumbe huo wa M-Pesa kwenye 456 mara moja kuomba urudishiwe, na uripoti nambari hiyo ya ulaghai kupitia 333. Uwe na haraka: aliyepokea akishatoa pesa, hakuna cha kurudishwa, na akipinga ombi lako itabidi upitie polisi.

Hawataki ada, ila wanataka ninunue bidhaa za kuanzia. Si ni mtaji wangu?

Ni mtaji wako kweli, na maana yake ni kwamba wewe umekuwa duka lao la rejareja na wao tayari wameshauza. Mteja wa kwanza ni wewe.

Chukua boksi la chupa kumi za manukato kwa 3,500. Kila moja imekugharimu 350, unaambiwa uuze 500, faida 150. Umeuza sita. Kiongozi wa timu anakupigia makofi mbele ya wenzako kwamba umepata faida ya 900. Lakini mkononi una 3,000 na ulitoa 3,500. Umepungukiwa na 500, na una chupa nne ambazo majirani wote wameshakataa kununua. Nauli bado hatujaitaja.

Kama umeridhika na biashara yenyewe, angalau pata haya kwa maandishi: bidhaa ambazo hazijafunguliwa zitarudishwa kwa bei gani, ndani ya siku ngapi, na nani anapokea. Kisha nenda Kongowea au Marikiti uone bidhaa kama hiyo inauzwa kiasi gani. Ukiikuta rafuni kwa 300, hutaweza kuiuza 500 Mikindani.

Mimi ni mwajiriwa au wakala? Mkataba umeandika "wakala wa kujitegemea".

Kilichoandikwa juu ya karatasi hakimalizi mambo. Mahakama huangalia uhusiano wenyewe ulivyo. Wakala wa kujitegemea anachagua saa zake, anachagua mtaa, anaweza kuuza bidhaa za kampuni nyingine, na akitaka kulala Jumatatu analala. Ukiwa unasaini daftari saa moja na nusu asubuhi, unapangiwa leo Bombolulu kesho Magongo, unatuma picha ya ulipo kwenye kundi la WhatsApp kila saa, unakatazwa kuuza vya wengine na unaadhibiwa ukichelewa, hayo ni maisha ya mwajiriwa. Kila moja ya hizo ni hoja yako.

Tofauti hii ina pesa ndani yake. Mwajiriwa analindwa na kima cha chini cha mshahara, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, siku moja ya mapumziko katika kila saba, hati ya malipo inayoonyesha makato, na michango ya NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na nyumba. Wakala hana lolote kati ya hayo, ana mkataba wake tu. Makampuni yanalijua hilo, na ndiyo sababu neno "wakala" linapendwa.

Alama rahisi: kama wanakukata ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na SHA ya asilimia 2.75, wamekuhesabu kuwa mwajiriwa, hata mkataba useme vingine. Ingia kwenye akaunti zako uhakikishe makato hayo yanafika. Kukatwa bila pesa kufikishwa ni kosa jingine kabisa.

Kwani kima cha chini Mombasa ni kiasi gani?

Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka shilingi 16,113.75 kwa mwezi kwa kibarua wa kawaida katika miji mikubwa, Mombasa ikiwa mojawapo, na juu yake huongezwa marupurupu ya nyumba ya asilimia 15. Jumla inakaribia 18,531. Amri hubadilishwa, kwa kawaida tangazo hutoka Siku ya Wafanyakazi, kwa hiyo ulizia ofisi ya kazi kama kuna mpya. Mwajiriwa hawezi kusaini kukubali chini ya hapo. Sahihi yako haiondoi amri.

Wiki mbili za mafunzo bila malipo zinaruhusiwa?

Tofautisha kukaa darasani na kuuza. Ukikaa ukumbini siku moja au mbili ukielezwa bidhaa kabla ya kukubaliwa, hiyo ni sehemu ya usaili. Lakini "mafunzo" ambayo siku ya pili unafuatana na muuzaji Tudor ukibeba mkoba, na siku ya nne unauza peke yako na pesa zinaingia kwao, hiyo ni kazi, na kazi hulipwa.

Kipindi cha majaribio nacho ni kipindi cha ajira. Sheria inakiwekea miezi 6, na kinaweza kurefushwa kwa miezi mingine 6 tu, kwa ridhaa yako. Kukiwa na majaribio, kila upande unatoa notisi ya siku 7 au malipo ya siku hizo. Anayekuzungusha "bado uko majaribio" mwaka wa pili anakudanganya.

Kamisheni niliyolipwa mwezi uliopita imerudishwa mwezi huu kwa sababu mteja ameacha kulipa. Wanaweza?

Wanaweza ikiwa ulikubali hivyo kwa maandishi na kanuni ni wazi: ndani ya siku ngapi, kwa sababu zipi, na kwa kiwango gani. Kisichokubalika ni kanuni inayozaliwa siku ya malipo. Kwa mwajiriwa kuna kinga zaidi: makato yote kwa pamoja hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara wake, na kila kato lazima lionekane kwenye hati ya malipo.

Jikinge mwenyewe. Weka daftari: tarehe, mtaa, tarakimu tatu za mwisho za simu ya mteja, bidhaa, alicholipa, namba ya risiti. Kila Ijumaa tuma jumla yako kwa msimamizi kwa ujumbe wa maandishi: "Wiki hii nimeuza 7, za Jumatatu 2, Jumatano 3, Alhamisi 2." Asipopinga wiki hiyo, atapata taabu kupinga mwisho wa mwezi. Kazi hii ni ya dakika tano, na tunaihimiza kuliko nyingine zote hapa.

Bidhaa imeibiwa kwenye matatu. Wanasema nitailipa.

Kama ni mwajiriwa, sheria inaruhusu kukatwa kiasi cha haki kwa hasara uliyoisababisha kwa makusudi, au upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wako pale ambapo mkataba umekukabidhi pesa. Wizi ulioripotiwa ni jambo tofauti. Nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo, pata namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na umpelekee msimamizi kwa maandishi. Ukikaa siku tatu ukiogopa, kimya chako kitasomwa vibaya.

Tageti inabana na msimamizi anataka niandikishe simu au mkopo kwa jina langu ili idadi itimie.

Kataa, hata ukipoteza kazi. Deni litakuwa lako. Wewe ndiwe utakayedaiwa kila siku, na jina lako ndilo litakalopelekwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, msimamizi akiwa ameshahamia kampuni nyingine. Kuandikisha kwa jina la mama, shangazi au jirani ni kubaya zaidi, kwani hapo unaingiza pia mtu aliyekuamini. Vivyo hivyo kusajili laini ya simu kwa kitambulisho cha mtu asiyejua: ni jinai, na alama ya mauzo ina jina lako wewe.

Wanasema pesa za kweli ziko kwenye kuandikisha watu. Hiyo ni piramidi?

Tazama pesa za aliye juu zinatoka wapi. Zikitoka kwa watu wa nje wanaonunua dawa ya meno kwa sababu wanataka dawa ya meno, ni biashara ya mtandao wa wauzaji. Zikitoka kwa wanaojiunga wakilipa kiingilio au wakinunua boksi la kuanzia, ni piramidi, hata ikiwa na bidhaa ya kuonyesha mezani.

Hesabu inaonyesha kwa nini haiwezi kudumu. Kila mtu anaambiwa alete watano tu. Watano wanaleta 25, wale 125, halafu 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625. Ngazi ya tisa inahitaji watu 1,953,125. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima ya Mombasa, pamoja na watoto wachanga na wazee. Mtu anayealikwa leo kwenye ukumbi fulani mjini hayuko ngazi ya kwanza wala ya pili.

Madhara yake makubwa si fedha peke yake. Wa kwanza kuandikishwa ni dada, wifi, mwenzako wa madrasa, mama wa chama. Boksi linapokosa kuuzwa, uhusiano nao unaharibika.

"Ndani ya miezi sita utakuwa meneja na ofisi yako mwenyewe."

Uliza: meneja huyo analipwa mshahara na nani? Katika mpangilio huu, "meneja" mara nyingi ni mtu anayelipa kodi ya ofisi, anayebandika matangazo na kulipia chai ya asubuhi kwa pesa zake, akisubiri sehemu ya mauzo ya walio chini yake. Hasara ya siku isiyouzwa imehama kutoka begani mwako ikaongezwa begani mwake, na kampuni bado haina mzigo. Omba kuzungumza na mtu aliyepandishwa mwaka uliopita, akiwa peke yake, nje ya ofisi.

Nitajuaje kama kampuni ipo kweli?

Kwa eCitizen, kwenye huduma ya usajili wa biashara, unaweza kutafuta kampuni kwa jina na kulipia taarifa rasmi, ile inayoitwa CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Huna simu nzuri? Huduma Centre iliyo mjini watakusaidia. Linganisha jina hilo na lililo kwenye barua, kwenye risiti na kwenye nambari ya kulipia.

Lakini usajili si cheti cha uaminifu. Mtu yeyote anaweza kusajili kampuni. Wakisema ni mawakala wa benki, kampuni ya simu au ya bima fulani kubwa, piga nambari ya kampuni hiyo iliyo kwenye tovuti yake, au ingia tawi lake lililo karibu nawe, uulize kama wanawajua. Kwa bima kuna ziada: anayeuza bima kama wakala lazima awe na leseni ya mamlaka ya bima. Ukipelekwa mtaani kuuza bima bila mafunzo wala leseni, atakayeulizwa na mteja mwenye hasira ni wewe.

Wamechukua nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA na nambari ya akaunti siku ya usaili.

Kwenye usaili kitambulisho kinatosha kuonyeshwa. Nakala na PIN ya KRA hutolewa unapoandikwa kazi. Ukilazimika kutoa nakala, andika kwa kalamu ukivuka picha yenyewe: "Kwa maombi ya kazi tu", jina la kampuni na tarehe. Namba ya siri ya M-Pesa au ile inayotumwa kwa ujumbe haiombwi na mwajiri yeyote. Ukikosa kazi una haki, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kutaka taarifa zako zifutwe, na malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Usaili umepangwa kwenye nyumba ya wageni, au usiku.

Usiende. Dada zetu hasa: mwambie mtu unakokwenda, na uombe pabadilishwe pawe ofisini mchana. Anayekataa hilo hana kazi ya kukupa.

Askari wa kaunti wamenikamata nikiuza. Faini ni ya nani?

Kibali cha kuuza ni jukumu la mwenye biashara. Kabla ya kutoka, dai nakala ya kibali na barua ya utambulisho yenye jina lako, picha na nambari ya ofisi inayopokelewa. Ukikamatwa bila hizo, kampuni nyingi hazipokei simu. Hili liandikwe kwenye mkataba: gharama za kukamatwa ukiwa kazini, kwa kukosa kibali, ni zao.

Mwezi umeisha, hawajanilipa. Nianzie wapi?

Anza na barua, hata kama mmekuwa mkizungumza kwa simu kila siku. Andika tarehe ulizofanya kazi, mauzo, kiasi unachodai na ulivyokipata, na uwape siku 7. Ipeleke nakala mbili, moja wagonge muhuri au wasaini ubaki nayo. Wakikataa kusaini, itume kwa barua pepe na WhatsApp na upige picha.

Siku saba zikipita, mwajiriwa anakwenda ofisi ya kazi ya kaunti. Afisa wa kazi humwita mwajiri wakae pamoja, na huduma hiyo hulipii. Ukiwa umefutwa kazi na unataka kulalamikia kufutwa huko kwa afisa, fanya hivyo ndani ya miezi mitatu. Msipopatana, kesi huenda kwa hakimu aliyepewa mamlaka ya ajira ikiwa mshahara wako hauzidi 80,000 kwa mwezi, au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa Mombasa. Muda wa mwisho kwa jumla ni miaka 3. Hata aliyefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa anadai alichokwisha kukitolea jasho mpaka siku ile.

Kama kweli ni wakala wa kujitegemea, njia ni nyingine: Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Angalia tu usipoteze muda: mahakama hiyo haisikizi migogoro ya ajira, kwa hiyo amua kwanza wewe ni nani kati ya hao wawili, na ukiwa na shaka muulize afisa wa kazi kabla ya kufungua.

Sikupewa mkataba wowote. Nina haki gani?

Usikate tamaa hapa, maana wengi huacha madai yao bure. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na anayetakiwa kuuandaa ni mwajiri. Asipouleta mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi uko kwake. Na aliyeajiriwa kama kibarua wa siku, akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, sheria inamhesabu kuwa wa mwezi, pamoja na notisi ya siku 28.

Kusanya ushahidi ulio mkononi: picha ya tangazo lenyewe (lipige siku ile unapoliona, maana kesho litabanduliwa), ujumbe wa kundi la WhatsApp ukiwa na majina na tarehe, taarifa za M-Pesa, beji, picha za sare, majina ya wenzako wawili. Hamisha mazungumzo ya kundi kabla hujatolewa. Msimamizi akikutoa, ujumbe mpya huuoni tena, na ukibadilisha simu hata mazungumzo ya zamani yanaweza kupotea.

Nilikwenda polisi wakasema ni mambo ya madai. Ni kweli?

Mara nyingine, ndiyo. Kosa la kupata pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, lina kifungo cha hadi miaka 3, lakini udanganyifu wenyewe lazima uwe juu ya jambo lililopo au lililopita. "Utapata 45,000" ni ahadi ya kesho. "Sisi ni mawakala wa benki fulani", na benki haiwajui, ni uongo wa leo. "Nafasi ya stoo ipo, lipa 1,500", na hakuna stoo, ni uongo wa leo. Ukiandikisha taarifa, anza na maneno hayo, nani alisema nini, wapi, na pesa zikaenda nambari gani. Ukianza na kamisheni uliyotarajia, utaambiwa uende mahakama ya madai.

Je, hakuna kazi ya mauzo iliyo nzuri?

Ipo, na wapo watu Mombasa wanaosomesha watoto kwa kuuza. Kamisheni peke yake si uovu. Utaitambua kazi nzuri kwa mambo ya kawaida kabisa: bidhaa wanakukabidhi kwa orodha bila kukuuzia, nauli au posho ya siku inalipwa hata usipouza, tarehe ya malipo haisogei, na muuzaji wa kawaida, si yule bingwa wa picha ukutani, anakubali kukuonyesha malipo yake ya miezi mitatu. Muulize huyo. Mkute nje, kwenye kivuli, wakati wa kula.

Nimeshaamua kuondoka. Niache leo au nisubiri siku ya malipo?

Kama malipo yako karibu na umekuwa ukilipwa, subiri, lakini acha kuchukua bidhaa mpya sasa hivi. Punguza ulichonacho mpaka kibaki kidogo. Siku ya kurudisha, andika orodha kwa mkono: bidhaa, idadi, namba za mfululizo kama zipo, hali yake, pesa taslimu, beji na fulana. Zipange juu ya meza, piga picha, kisha mpokeaji aandike jina lake, asaini na kuweka tarehe kwenye nakala zote mbili. Usimwachie mlinzi mlangoni, wala mwenzako "atakupelekea". Bidhaa isiyokuwa na sahihi ya kupokelewa ndiyo kisingizio cha kwanza cha kuzuia kamisheni ya mwisho, na hutakuwa na la kujibu.